Ufunguo wa Chumba Namba Nne

Kwanza niliupima kwa kiganja,
kama nilivyozoea kupima kila kitu:
shaba kidogo, chuma kingi,
kwa mnunua skrepa wa Majengo haufikishi mia mbili.
Samahani. Mkono una kumbukumbu zake,
haujaambiwa kwamba tumeacha.

Nyemo, msimamizi, alikuwa bado anasoma masharti:
geti saa mbili usiku,
maji tunachota kwa zamu,
kodi elfu kumi ukishapata kibarua,
mgeni akae uani, asilale,
na anayerudi na unga kichwani hafukuzwi usiku,
yataongelewa asubuhi, baada ya uji.
Hapo ndipo nilipoinua macho.

Miaka sita sikuwa na ufunguo.
Nililala kwenye kalvati,
chini ya meza za wauza mitumba,
na Julai ya Dodoma unaijua,
upepo unaingia bila hodi
unakukagua mfupa mmoja mmoja.

Kliniki walinipa dawa, siwasingizii.
Kikombe kidogo kila asubuhi, nanywa mbele ya nesi,
kisha natamka neno ili ajue nimemeza.
"Asante," nasema. Ndilo neno langu.
Halafu natoka getini, saa tatu haijafika,
siku nzima imekaa mbele yangu kama mbuga,
na kijiwe peke yake ndicho kinachonijua kwa jina.
Dawa inashusha arosto.
Haina godoro.

Basi nikaletwa Nkuhungu, kwenye nyumba hii ya vyumba sita.
Mtaa ulizungusha karatasi ya saini, tusikae.
Jirani wa kushoto akaanza kuanika nguo ndani.
Sikumlaumu; ningekuwa yeye ningeanika chini ya kitanda.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wa kale.
Mimi siku ya tatu nilipewa ufunguo.

Usiku ule nilifunga mlango. Nikafungua. Nikafunga.
"Kaka," akasema Ndahani toka kitanda cha pili,
"mlango haukimbii."

Hajui habari ya kitasa.
Hii lazima niiandike hata kalamu ikigoma:
kule Kizota, mlango wa dada yangu Sechelela una tundu la duara.
Kitasa nilikifungua mimi, kwa kisu cha mezani,
yeye akiwa msibani kwa jirani.
Nilipata kete mbili.
Yeye aliziba tundu kwa soksi,
na hiyo soksi ndiyo naiota,
unga siuoti tena.

Mei alikuja kuniona.
Alikaa uani kama masharti yasemavyo,
mkoba umebanwa kwapani, kisha umepakatwa
kama mtoto mwenye homa.
Tuliongea bei ya mtama. Tuliongea mvua iliyogoma.
Alikitazama kitasa changu, kipya, kinang'aa,
akanywa chai mpaka kwenye majani.

Leo, Agosti, amerudi,
vumbi mpaka kwenye kope.
Akaomba maji ya kunawa,
akauweka mkoba juu ya kigoda,
akazunguka nyuma ya nyumba kwenye bomba.
Zipu wazi.

Tukabaki wawili, mimi na mkoba.

Nyemo alikuwa anachambua mlenda dirishani,
au anajifanya anachambua.
Niliangalia ukuta. Niliangalia kandambili zangu.
Kisha nikawaona sisimizi
wakipanda mguu wa kigoda, msafara mzima,
wanajua wanakokwenda.

"Dada! Mkoba wako unaingia sisimizi!"

Maji yakaendelea kumwagika.
"Ni zabibu zako hizo," akajibu toka kule.
"Zitoe basi."

Nikaufuta mkono kwenye suruali,
mara mbili,
ndipo nikauingiza.